Sekunde Kumi na Tisa za Mwalimu Tusekile

Kanuni za mashindano yale niliziandika mimi mwenyewe, kumi na moja kwa jumla, na hakuna hata moja niliyoiandika kwa pupa. Nilikuwa karani katika ofisi ya Jimbo mjini Mbeya. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miaka sita katika shule ya bweni kule Iringa, mahali ambapo kijana aliyechelewa kengele ya alfajiri kwa nusu dakika alifyeka nyasi hadi jua lilipozama. Sikulalamika wakati ule, na silalamiki leo. Kwa hiyo wazee wa mji walipotafuta mtu wa kushika saa na kusimamia haki, lilitajwa jina la Silvester Kalinga na hapakuwa na ubishi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1955, mwaka mmoja tangu fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe Kalenga kutoka Ujerumani, na sisi watu wa Iringa bado tulitembea vifua mbele. Mashindano yenyewe yalikuwa ya maswali ya maarifa: wanyama, nyota, vita vya zamani, mambo ya jikoni na shambani, kila kitu ambacho mtu hukiona kila siku bila kukijua. Mwaka uliotangulia shule yangu ya zamani ilikuwa imeshinda. Mwaka huu vijana wetu wawili, Sedekia na Jailos, walikuwa wamesafiri siku nzima juu ya lori la mbao kupitia Sao Hill, wakafika wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na asubuhi yake wakasimama mbele yangu wamenyooka, kaptura zimepigwa pasi, kama nilivyotarajia.

Wapinzani wao walikuwa walimu wawili wa shule ya wasichana ya Rungwe, Mwalimu Tusekile na Mwalimu Ikupa. Ikupa alikuwa msichana mcheshi, hajaolewa. Tusekile alikuwa ameolewa mwaka ule ule, mtu mtulivu, mwenye kusikiliza swali kwa macho yaliyofumbwa.

Zawadi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mezani kwangu, imefunikwa kitambaa cheupe: hadubini ya shaba, chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa jicho. Daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao aliiacha iwe ya washindi. Shule yetu ilikuwa nazo mbili tayari. Ile ya wasichana haikuwa na hata moja. Kabla ya kuanza, Tusekile aliniomba ruhusa aiguse. Nilimkatalia, maana kanuni ya tisa ilisema zawadi haiguswi kabla ya matokeo.

"Sawa, Bwana Karani," alisema. "Lakini nina wasichana thelathini na wanane ambao nimewachorea wadudu wa maji ubaoni kwa chaki mwaka mzima. Juzi mmoja aliniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuwaona. Nikaendelea kuchora."

Nilikiweka sawa kile kitambaa, nikamwelekeza kwenye kiti chake.

Tulikuwa katika ghala la zamani la kahawa karibu na soko, lenye mlango wa mbele na mlango wa ubavuni. Msoma maswali alikuwa Bwana Bushiri, mfanyabiashara wa nguo aliyehamia Mbeya mwaka ule kutoka pwani, mwenye sauti nzito na kicheko kilichotikisa mabati. Mkewe, Bi Mwanakhamisi, alikuwa akisimamia chai, lakini kila swali aliliingilia kana kwamba naye yumo mashindanoni.

"Twiga," alisoma Bwana Bushiri, "ana pingili ngapi za mifupa katika shingo yake?"

"Saba," alijibu Jailos.

"Saba!" Bi Mwanakhamisi aliweka birika chini. "Twiga mzima, saba? Na mimi mwenye shingo hii ya mtungi ninazo ngapi?"

"Saba vilevile, mama," alisema Jailos kwa adabu. "Za twiga ni ndefu tu."

"Basi nimedhulumiwa!"

Ukumbi ulicheka. Nikagonga meza, nikaandika pointi.

Ikupa aliulizwa vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana vilipiganwa wapi. Akasema ni Unguja, mwaka 1896, navyo havikutimiza saa moja. Bwana Bushiri alisahau kabisa kuwa yeye ni msoma maswali. "Kweli tupu! Bibi yangu alikuwa ameteleka wali mzinga wa kwanza ulipolia. Akajificha chini ya kitanda. Alipotoka, vita vimekwisha na wali haujaiva!"

"Bwana Bushiri," nilisema, "tafadhali, swali linalofuata."

Sedekia alieleza kwamba jiwe kubwa la Mbozi halikuota ardhini bali lilianguka kutoka angani, na kwamba karibu lote ni chuma. Wazee wawili kutoka Mbozi walitazamana kama watu waliosomewa barua yao hadharani. Tusekile alisema nyuki wote wanaotafuta asali, wanaolinda mzinga na kulea watoto ni majike, na madume hayafanyi kazi hata moja ya hizo. Wanawake waliokaa nyuma walipiga vigelegele hadi nikasimama kwa miguu yangu kuwanyamazisha.

"Tulijua!" mmoja alipaza sauti. "Hatukungoja kitabu!"

Ikafika pointi tisa kwa tisa, na yakabaki maswali mawili, moja kwa kiongozi wa kila upande. Sedekia aliulizwa pweza ana mioyo mingapi. Kijana wa milimani, aliyezaliwa Kihesa, pweza amemwona wapi? Alifikiri kiume hadi sekunde ya ishirini na nane kati ya thelathini zilizoruhusiwa.

"Miwili."

"Mitatu!" Bwana Bushiri alicheka, kisha akamhurumia. "Usijali, mwanangu. Mimi nimewala maisha yangu yote na sikuihesabu."

Sasa mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu ukumbini. Tusekile akijibu sawasawa, hadubini itakwenda Rungwe. Akikosa, pointi zitalingana, na kanuni ya saba ilisema kwamba zikilingana, zawadi huenda kwa bingwa wa mwaka uliopita. Sitaficha kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa bingwa. Mtu hasahau bweni lililomlea. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye saa, na saa haikusoma shuleni kwetu.

Bwana Bushiri akasafisha koo. "Wataalamu wanasema mgomba si mti. Je, shina lake la kweli liko wapi? Na hicho tunachokikata kwa panga ni nini?"

Nikabonyeza saa. Tusekile akafumba macho. Nilimwona akianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekutana na jirani yake njiani. Mzaliwa wa Rungwe hulala, hula na hupita kati ya migomba tangu siku ya kwanza. Alifungua macho, akafungua kinywa.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo.

"Nafasi, jamani, nafasi!" Alikuwa Bi Mwanakhamisi, aliyekuwa ametoka kumwaga majani ya chai. Amemshika mkono mzee mmoja mrefu aliyevaa koti zito la jeshi, anamvuta kama anayevuta mbuzi kutoka kwenye bustani ya watu. "Aibu gani hii? Baba mkwe wa Mwalimu amesimama nje kwenye baridi, sikio ukutani! Nimemwambia ingia, anasema hapana. Nimemwambia tena, hapana. Watu wa bara mna haya nyingi! Bushiri, mpe kiti cha mbele kabisa, amtazame mkwewe vizuri!"

Kwao pwani, mgeni mwenye adabu hukataa mara ya kwanza na ya pili, na mwenyeji mwenye adabu humvuta. Bi Mwanakhamisi alifanya alivyolelewa. Ila kwa Wanyakyusa, watu wa Rungwe kama Tusekile, mwanamke hamtazami baba wa mumewe, wala hazungumzi naye, wala hakai naye chini ya paa moja uso kwa uso. Akimwona mbele njiani, huacha njia na kuingia migombani hadi apite. Mzee Alinanuswe, maana ndilo lilikuwa jina lake, hakukataa kwa haya hata kidogo. Alikuwa akitetea heshima ya nyumba yake kwa nguvu zake zote, na alikuwa ameshindwa na mwanamke mwenye birika.

Tusekile aliteremka kutoka kitini kama maji. Mara yuko chini ya meza ya washindani, mara shuka ya meza hiyo inatembea juu ya mgongo wake kuelekea mlango wa ubavuni, mara hayupo.

Nikasimamisha saa. Ilisema sekunde kumi na moja.

Mzee naye alikuwa amegeuka, ameinua kola ya koti juu ya masikio, akajinasua na kutoka mbio kwa mlango wa mbele. Ingekuwa vema wangeishia hapo. Lakini Tusekile alikuwa akilizunguka ghala kuja mbele, na mzee alikuwa akilizunguka kwenda nyuma, na wote wawili walikuwa wakielekea kona moja. Ikupa aliona kupitia dirishani, akapiga ukelele, akimwita mzee tata, yaani baba kwa Kinyakyusa. "Dada, rudi! Tata, simama! Jamani, rudini kila mtu alikotoka!"

Wakarudi kila mtu alikotoka. Matokeo yake, mzee aliingia tena kwa mlango wa mbele wakati Tusekile akiingia kwa ule wa ubavuni, wakageuka tena kwa pamoja, na watu wapatao mia mbili wakawa hawana nguvu ya kukaa kwenye viti kwa kicheko. Bi Mwanakhamisi pekee hakucheka. Alikuwa amejishika kichwa.

"Nimefanya nini mimi? Ikupa mwanangu, nimefanya nini?"

Ikupa alimweleza kwa maneno machache. Bi Mwanakhamisi akavua mtandio wake na kuukunjua. "Basi mleteni Mwalimu. Nitamfunika huku akijibu."

"Hapana!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Alinanuswe alikuwa amesimama kizingitini, ametugeuzia mgongo, anasema na barabara. "Msimfunike yeye. Yeye ana kazi. Nifunikeni mimi."

Ikupa aliziba mdomo kwa kiganja, na baadaye aliniambia kwamba tangu azaliwe hakupata kusikia jambo hilo. Siku zote mwanamke ndiye aliyejificha. Siku zote mwanamke ndiye aliyeingia migombani na mzigo wake kichwani, akangoja.

"Mzee wangu, una hakika?" aliuliza Bwana Bushiri.

"Nimetoka Tukuyu jana. Nimewaambia nyumbani nakwenda kutafuta blanketi." Alikohoa. "Niliposikia habari ya nyuki, nikawaambia watu wa nje, yule ni mke wa mwanangu. Sasa mnataka niwe mimi niliyemfunga mdomo? Leteni hiyo nguo."

Wakamkalisha kwenye pembe ya nyuma kabisa, uso kwenye ukuta, mtandio wa Bi Mwanakhamisi wenye maua mekundu umemfunika kuanzia kichwani hadi magotini, juu ya koti la jeshi. Alionekana kama bibi harusi mwenye mabuti. Ikupa akaenda kumwita Tusekile, naye akaingia akitazama sakafu, akakaa kitini.

Hapo Sedekia aliinua mkono. Alisimama wima kabisa. "Bwana Karani, naomba kusema. Kanuni ya nne."

Nilikuwa nikiingoja. Kanuni ya nne ilisema: mshindani akiondoka kitini kwa hiari yake kabla ya kujibu, swali limempita.

"Aliondoka kitini," alisema Sedekia. "Watu wote wameona. Samahani, lakini ndivyo ilivyoandikwa."

"Wewe mtoto!" mwanamke mmoja alimfokea. "Huna mama?"

"Ninaye, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma maandishi," alijibu Sedekia. Hata mimi niliona fahari.

Kelele zilipanda. Wengine walisema nimwonee huruma Mwalimu. Wengine walisema kanuni ni kanuni, na mmoja wao, mtu tuliyesoma naye, alinikonyeza waziwazi. Tusekile alikuwa akikitazama kile kitambaa cheupe mezani kwangu, mikono mapajani, na nikajua anawaona wasichana thelathini na wanane na ubao wa chaki.

Sikutaka kutumia huruma. Huruma leo humfaa huyu, kesho humdhulumu yule. Vilevile sikutaka kutumia kanuni yangu kama rungu la kuwasaidia wa kwetu. Nikalichukua daftari, nikaisoma kanuni ya nne kwa sauti, polepole, neno baada ya neno. Kisha nikauliza ukumbi: "Je, Mwalimu Tusekile aliondoka kwa hiari yake? Sitamuuliza yeye, maana ana la kunufaika nalo. Sitawauliza wenzake. Namuuliza Mzee Alinanuswe, ambaye desturi hii ni yake. Mzee, mkwe wako angeweza kubaki kitini?"

Mtandio ulitikisika. "Kubaki?" sauti ilitoka ndani ya maua mekundu. "Angebaki, leo hii ningemrudisha kwao!"

"Hata kama zawadi ingekuwa ng'ombe?"

"Hata kama zawadi ingekuwa mlima wa Rungwe!"

Watu walipasuka kwa kicheko. Niligonga meza mara tatu.

"Basi hakuondoka kwa hiari," nilisema. "Kanuni ya nne haimgusi. Lakini saa ilikuwa imeanza, na hakuna kanuni inayonipa ruhusa ya kuirudisha nyuma. Sekunde kumi na moja zimetumika. Zimebaki kumi na tisa, wala si ishirini. Sedekia, una la kuongeza?"

Kijana alifikiri, akainamisha kichwa. "Sina, Bwana Karani. Ni haki." Akakaa.

Nikabonyeza saa.

Tusekile hakufumba macho safari hii. "Shina la kweli la mgomba liko chini ya udongo," alisema. "Kile kilicho juu si shina. Ni majani, sehemu zake za chini, yamefunikana moja juu ya jingine kama mtu aliyevaa makoti mengi. Ukikata unaona duara ndani ya duara, hakuna mti humo. Shina lenyewe hupanda juu kupita katikati siku ya kuchukua mkungu tu, na likishazaa, basi, mgomba ule hufa na watoto wake hubaki."

Nikasimamisha saa. Sekunde kumi na nne kati ya zile kumi na tisa.

Bwana Bushiri aliitazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Hapa mimi nimeandikiwa mstari mmoja," alisema. "Mwalimu amenipa shamba zima. Sahihi! Sahihi kabisa!"

Sina uwezo wa kueleza kelele zilizofuata. Najua kwamba mabati yalilia, kwamba Ikupa alicheza peke yake katikati ya ukumbi hadi akapoteza kiatu, na kwamba Sedekia na Jailos walivuka kwenda kumpa mkono Tusekile kabla hajakabidhiwa chochote. Nilikunja daftari langu. Shule yangu ilikuwa imeshindwa, nami nilikuwa nimetia sahihi ya kushindwa kwake. Lakini niliwatazama vijana wale wawili wamesimama wima wakimpongeza mwanamke aliyewashinda, na sikuona mahali ambapo shule ilikuwa imepoteza kitu.

Kwenye pembe ya nyuma, bibi harusi mwenye mabuti alikuwa akipiga makofi akiuelekea ukuta.

Nilimkabidhi Tusekile hadubini. Alitaka kuitumia papo hapo, na baada ya matokeo hapakuwa na kanuni ya kumzuia. Bi Mwanakhamisi alileta kitunguu. Tusekile akabandua ngozi yake nyembamba ya ndani, akaiweka kwenye kipande cha kioo, akageuza kioo kilicho chini ya chombo kikapokea mwanga wa dirishani. Alitazama kwa muda mrefu sana. Alipoinua uso, alikuwa na machozi na alikuwa akicheka.

"Bwana Karani," aliniambia kwa sauti ndogo, "naomba na mzee aone."

Sasa ikawa kazi. Yeye alitoka kwa mlango wa ubavuni, akasimama nje nyuma ya ukuta. Ndipo mzee akafunuliwa, akaletwa mezani, akavua kofia, akainama kwenye hadubini kama anayechungulia kisimani. Na kwa kuwa wawili hao hawakuweza kusemezana, na Ikupa alikuwa akitafuta kiatu chake, mjumbe alikuwa mimi.

"Naona kuta," alisema mzee. "Nyumba nyingi zimebanana. Kama matofali ya kanisa letu."

Nikatoka nje, nikamwambia Tusekile: anaona kuta.

"Mwambie ni vyumba vidogo, na kila chumba kilikuwa hai."

Nikarudi. Mzee alisikia, akatazama tena. "Muulize, hivi ni kitunguu tu?"

Nikatoka. Tusekile alikuwa ameegemea ukuta, mtandio wake mwenyewe umeteleza mabegani. "Mwambie, si kitunguu tu. Mgomba umejengwa hivyo, na nyuki, na sisi watu. Hata ngozi yake ingewekwa kwenye kioo, vyumba vingeonekana."

Nikarudi, nikalifikisha neno kwa neno. Mzee Alinanuswe alijiondoa kwenye hadubini haraka, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga vifungo vyote vya koti lake hadi shingoni.

"Mwambie," alisema kwa sauti kubwa ambayo haikuhitaji mjumbe, "mimi asinitazame na chombo hicho!"

Kicheko cha Tusekile kilisikika kupitia ukutani. Mzee alikisikia, akageuza uso upande wa pili kama desturi ilivyotaka, mabega yake yakitikisika ndani ya koti. Hata hivyo nilitoka nje na kuupeleka ujumbe, maana nilikuwa nimetumwa.